Odowa na Damu ya Mama: Historia ya Kula Udongo Kando ya Ziwa Viktoria

Mwaka 2012, katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, watafiti waliwauliza wanawake 299, wajawazito na waliojifungua karibuni, kuhusu kila walichotia kinywani katika saa 24 zilizopita. Wanawake 81, zaidi ya robo, walitaja vitu ambavyo mgeni hapakuliwi mezani. Kati yao, 30 walikuwa wametafuna muhogo mbichi, 21 walikuwa wamekula odowa na 17 walikuwa wamekula udongo. Wengine walitaja makaa na majivu.

Mtu aliyekulia Muhuru Bay, Karungu au Sori, miji ya ufukweni katika Kaunti ya Migori, hahitaji kuelezwa odowa ni nini. Ni jiwe laini linalovunjika kwa meno na kuacha unga ulimini kama chaki. Katika masoko ya Nyanza huuzwa kwa mafungu, sawa na bidhaa nyingine yoyote, na wanunuzi wake wakubwa ni wanawake. Walaji wengi husema kinachowavuta ni harufu, ile ya ardhi kavu iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Asiyepata odowa humega udongo wa kichuguu, na pale ambapo nyumba zimekandikwa kwa udongo, ukuta wenyewe humegwa.

Desturi hii ina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya watu wasiokula udongo wakiwahukumu wanaoula. Mabwana wa watumwa waliiita ukaidi, madaktari wa zamani wakaiita wazimu, na hadi leo wapo wanaoiona kuwa ujinga au uchafu. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa sayansi kugeuza swali na kuutazama mwili wa mlaji: damu yake, minyoo iliyo tumboni mwake, mimba aliyoibeba.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kwa makini juu ya jambo hili katika Afrika Mashariki na Kati alikuwa David Livingstone. Mwaka 1870 alikuwa amekwama Bambarre, katika nchi ya Manyema iliyo mashariki mwa Kongo ya leo, akiuguza vidonda vya miguu. Katika shajara yake aliandika kuhusu safura, maradhi ya kula udongo ambayo Zanzibar waliyajua kwa jina hilo. Alieleza jinsi miguu ya mgonjwa inavyovimba, mwili unavyokonda, uso unavyosawijika, na jinsi anavyoshindwa kutembea kwa kukosa pumzi. Daktari wa leo akisoma maelezo hayo ataitambua mara moja picha ya upungufu mkubwa wa damu.

Livingstone aliandika pia jambo ambalo wengi wa zama zake hawakutaka kulisikia. Alikataa madai kwamba watumwa walikula udongo ili wajiue, akaeleza kwamba hata matajiri wenye chakula tele walipatwa na maradhi hayo. Ng’ambo ya Atlantiki, katika mashamba ya miwa ya Karibi na Brazili, fikra ya kujiua ilikuwa na nguvu kiasi kwamba watumwa waliokula udongo walivalishwa vinyago vya bati au chuma mdomoni. Mwenye shamba aliona mali yake ikidhoofika, naye akatafuta dawa kwa mhunzi.

Ushahidi uliokosekana ulikuwa umejificha kwenye utumbo. Mwaka 1838 daktari Mwitalia Angelo Dubini alipasua maiti mjini Milano na kukuta mnyoo mdogo uliojishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Mwishoni mwa karne hiyo Arthur Looss, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, aligundua kwamba viluwiluwi vya mnyoo huo huingia mwilini kupitia ngozi, kwa mfano kwenye nyayo za mtu anayetembea peku. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo tu kwa siku, lakini mamia yake yakikaa mwaka hadi mwaka humwacha mtu hana nguvu. Leo Waswahili huuita mnyoo wa safura, jina lile lile ambalo Livingstone alilisikia likitumiwa kwa maradhi ya wala udongo.

Amerika ya Kaskazini ilipitia njia hiyo hiyo. Wazungu maskini wa majimbo ya kusini mwa Marekani walidhihakiwa kwa miaka mingi kuwa wavivu na wala udongo. Mwaka 1902 mwanasayansi Charles Stiles alitangaza kwamba wengi wao walikuwa na minyoo ya safura, na mwaka 1909 mfanyabiashara John D. Rockefeller akatoa dola milioni moja za kuitokomeza. Kilichokuwa kikiitwa uvivu kikaanza kutibiwa kwa dawa, vyoo na viatu.

Kando ya Ziwa Viktoria, wakati huo, serikali za kikoloni zilikuwa na shughuli nyingine. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uligawa ziwa kwa kufuata nyuzi moja kusini mwa ikweta, mstari unaopita karibu kabisa na Muhuru, ukawatenga ndugu wa upande wa Shirati na wale wa upande wa Karungu. Baadaye kidogo yakaingia malale, yakaua watu wengi na kuhamisha vijiji vizima vya ufukweni na visiwani. Madaktari waliofika huku walikuja kuwawinda mbung’o. Alichotafuna mwanamke mjamzito nyuma ya nyumba yake hakikuwa katika orodha ya kazi zao.

Hata hivyo desturi ilisafiri na watu wake bila kuhitaji ruhusa ya ofisa. Wasuba wa Mfangano na pwani ya Muhuru wana asili ng’ambo ya ziwa, upande wa Uganda, ambako hadi leo wajawazito hutumia emumbwa, vijiti vya udongo uliokandwa pamoja na majani ya dawa. Upande wa Tanzania udongo wa kula huuzwa ukiwa umefinyangwa na kukaushwa, nao hujulikana sana kwa jina la pemba. Nchi tatu zinazochangia ziwa moja zina udongo wa kula katika masoko yake.

Uchunguzi wa kina upande wa Kenya ulikuja katika miaka ya 1990, pale P. Wenzel Geissler na wenzake Wakenya na Wadenmaki walipofanya kazi katika Nyanza. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1997 yaliwashangaza wengi. Kati ya wanafunzi 285 wa shule za msingi waliohojiwa, asilimia 73 walisema wanakula udongo kila siku. Kiasi cha kati kilikuwa gramu 28 kwa siku. Wavulana na wasichana wadogo walikula karibu sawasawa, lakini kadiri walivyokua wavulana waliacha, huku wasichana wakubwa wakiendelea.

Geissler hakuishia kupima gramu. Alikaa na watoto na akina mama wa Kijaluo, akaandika jinsi udongo unavyoliwa kwa pamoja, mtoto akigawiwa na mama au bibi, na jinsi kijana wa kiume anavyojitenga nao kwa kuwa umehesabiwa kuwa jambo la wanawake. Wanawake aliowasikiliza walihusisha udongo na damu na uzazi. Hawakuwa wamesoma habari za hemoglobini, lakini walijua ni wakati gani wa maisha hamu hiyo hupanda.

Mwaka 2004 timu iliyoongozwa na A. I. Luoba ilichapisha matokeo ya wajawazito 827 wa wilaya ya Bondo. Kati yao 378, karibu nusu, walikula udongo, na waliipenda odowa kuliko aina nyingine, kichuguu kikifuata. Pwani ya bahari hali ilikuwa hiyo hiyo: katika utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998, asilimia 56 ya wajawazito walisema wanakula udongo mara kwa mara. Hili basi si jambo la kabila moja wala la ziwa peke yake.

Kwa nini mjamzito? Jibu la kwanza liko kwenye hesabu ya damu. Wakati wa mimba wingi wa damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, na kwa jumla mimba moja humdai takriban gramu moja ya madini ya chuma, ambayo lazima itoke kwenye chakula au kwenye akiba ya mwili wake. Mwanamke wa Muhuru Bay huanza safari hiyo akiwa tayari na deni. Malaria ya ukanda wa ziwa huvunja chembe nyekundu za damu. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuingia maji ya ufukweni, hutoboa utumbo na kuvujisha damu. Minyoo ya safura hunyonya. Selimundu, inayorithiwa na watoto wengi katika jamii za ziwa, huziharibu chembe kabla ya wakati wake. Mama aliyezaa watoto kwa kufuatana hapati muda wa kujaza alichopoteza.

Uhusiano wa upungufu wa damu na ulaji udongo umethibitishwa mara nyingi. Dar es Salaam, kati ya wajawazito 971 wenye virusi vya ukimwi waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, asilimia 29 walikula udongo, na hao ndio waliokuwa na upungufu wa damu zaidi. Mwaka 2015 wachambuzi walijumlisha tafiti nyingi za dunia na kukuta kwamba uwezekano wa kuwa na upungufu wa damu kwa wanaokula vitu visivyo chakula ni zaidi ya mara mbili ya ule wa wasiovila.

Lakini kipi kinatangulia? Hapo sayansi imepata shida, na ni vizuri msomaji aijue shida hiyo. Upande mmoja kuna ushahidi kwamba upungufu wa chuma huzaa hamu. Madaktari wanawajua wagonjwa wanaotafuna barafu mchana kutwa, ambao wakipewa chuma huacha ndani ya siku au wiki chache, hata kabla damu haijarudi katika kiwango chake. Chuma huhitajika pia ubongoni katika kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na hamu na kuridhika, kwa hiyo si ajabu upungufu wake ukivuruga matamanio.

Upande wa pili, udongo wenyewe unaweza kuwa mwizi. Watoto wa Nyanza walipopimiwa udongo wao maabara, ulionekana kuwa na chuma ambacho kingeweza kufikia theluthi moja au zaidi ya mahitaji yao ya siku. Hata hivyo kuwemo kwa chuma ndani ya jiwe si sawa na kufika kwake kwenye damu. Aina nyingi za udongo wa mfinyanzi hushika chuma na zinki tumboni na kutoka nazo. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad alichapisha habari za vijana aliowatibu Shiraz, nchini Iran, mmoja wao akiwa na umri wa miaka 21 lakini mwili wa mtoto wa miaka 10. Walikula mkate mtupu na udongo mwingi. Kutokana na wagonjwa hao Prasad alianza safari iliyoonyesha ulimwengu kwamba binadamu anaweza kudumaa kwa kukosa zinki.

Jaribio la Lusaka, Zambia, liliongeza fumbo. Watoto wa shule waliokula udongo waligawanywa, baadhi wakapewa chuma na wengine wakapewa vidonge visivyo na chuma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliopewa chuma hawakuacha udongo zaidi kuliko wenzao. Na Mfangano mwaka 2012 njaa haikuonekana kuwa sababu: waliokosa chakula cha kutosha hawakula odowa zaidi kuliko waliokuwa nacho. Livingstone alikuwa ameliona hilo miaka 142 kabla.

Mtafiti Sera Young, aliyeanza kulichunguza jambo hili kisiwani Pemba, aliliendea kwa upana zaidi. Huko Pemba, kati ya wajawazito 2,368, asilimia 36 walikula wanga mbichi, hasa mchele usiopikwa, na chini ya asilimia 6 walikula udongo. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa maelezo zaidi ya 480 ya jamii mbalimbali zinazokula udongo. Walikuta kwamba desturi hii imeenea zaidi katika nchi za joto, ambako vijidudu vya chakula ni vingi, na kwamba huonekana hasa kwa watoto na kwa wajawazito, watu ambao kinga zao ziko chini. Hitimisho lao ni kwamba maelezo yenye uzito zaidi ni ya kujikinga: udongo wa mfinyanzi hufunika utumbo, hunasa sumu na vijidudu, na hutuliza kichefuchefu.

Wanyama wanaiunga mkono hoja hiyo. Sokwe wa Mahale, kwenye Ziwa Tanganyika, hula udongo wa vichuguu. Kima punju wa Zanzibar hula makaa, na watafiti wanaamini yanawasaidia kunyonya sumu za majani ya miti kama miembe. Mwili wa kiumbe unaweza kutafuta kinga bila mwenyewe kujua jina la sumu.

Kwa hiyo hamu ya odowa huenda ina zaidi ya chanzo kimoja. Chuma kikipungua hamu hupanda, tumbo likichafuka udongo hulituliza, na mtoto aliyemwona bibi yake akila hujua pa kuupata. Baiolojia husukuma, desturi huelekeza mkono.

Madaktari wa akili wamejitahidi kuupatia ulaji huu mahali pake. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 umeweka pika, yaani ulaji wa vitu visivyo chakula, katika kundi moja na matatizo mengine ya kula kama anoreksia, ambapo mtu hujinyima chakula hadi kukonda vibaya. Lakini mwongozo huo huo unasema kwamba tabia iliyokubaliwa na jamii ya mtu isihesabiwe kuwa ugonjwa. Kwa kipimo hicho, mama wa Mfangano anayekula odowa pamoja na majirani zake hana ugonjwa wa akili.

Hata anoreksia imepitia hukumu kama hizo. Kwa miongo mingi walilaumiwa akina mama wa wagonjwa, au wagonjwa wenyewe kwa kupenda urembo. Mwaka 2019 uchambuzi wa jeni za wagonjwa karibu 17,000 ulikuta sehemu nane za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo, na baadhi ya uhusiano ulielekea kwenye jinsi mwili unavyotumia nishati na mafuta. Huko nako baiolojia ilichelewa kusikilizwa.

Kusema kwamba odowa ina sababu mwilini si kusema kwamba ni salama. Timu ya Geissler iliwafuatilia watoto baada ya kuwapa dawa ya minyoo, na wale waliokula udongo waliambukizwa tena minyoo ya mviringo kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Udongo mwingi hufunga choo na husaga meno. Na katika Migori kuna hatari ya pekee. Eneo la Nyatike, ambamo Muhuru Bay imo, ndilo pia eneo la Macalder, mgodi wa shaba na dhahabu wa enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo bado wanasafisha dhahabu kwa zebaki. Mwaka 2002 J. S. Ogola, Winnie Mitullah na Monica Omulo walichapisha utafiti ulioonyesha viwango vya juu vya zebaki, aseniki na risasi katika mabaki ya migodi ya ukanda wa dhahabu wa Migori. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini kabisa. Kichuguu kilicho jirani na mabaki hayo si cha kumegewa mjamzito.

Chuma, kwa upande wake, kinaanikwa ufukweni kila siku. Omena, samaki mdogo wa ziwa hili, huliwa mzima, kichwa na mifupa, na ana chuma na zinki ambavyo mwili huvipokea kwa urahisi kuliko vile vya nafaka. Lakini sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo, huku nyumba nyingi zikila ugali na kunywa chai ya majani, vitu viwili vinavyozuia chuma kufyonzwa. Serikali hutoa kidonge cha kila siku chenye miligramu 60 za chuma pamoja na foliki asidi kwa wajawazito, na mpango wa dawa za minyoo mashuleni, ulioanza mwaka 2009, umewafikia mamilioni ya watoto. Dawa zipo. Kinachokosekana ni mazungumzo kati ya anayezitoa na anayekula odowa, kwa kuwa mama aliyechekwa mara moja hatasema mara ya pili.

Idara za afya za Migori na Homa Bay zinaweza kuanza na mambo matatu yasiyo ya gharama kubwa. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito aulize habari za odowa kwa upole, kama anavyouliza habari za malaria. Mama anayejibu kwamba anakula apimwe damu siku hiyo hiyo, na hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita apewe tiba ya chuma, pamoja na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Na mawe yanayouzwa masokoni yachukuliwe sampuli na kupimwa risasi, aseniki na zebaki, matokeo yatangazwe kwa Dholuo na Kiswahili, ili wauzaji na wanunuzi wajue wanachoshika. Akina mama wa ukanda huu wamekuwa wakieleza hali ya miili yao kwa vizazi vingi, na sasa vipimo vya kuwajibu vipo.